Ekseli ya Mwalimu Kalunde

Wengi wenu mnaokuja kunisalimia hapa Chemchem, mkishasema shikamoo na mimi nikaitikia, kiti hakijapata joto mnaanza kuuliza namba. "Babu, chuma cha unene huu kizunguke mara ngapi kwa dakika? Mkato wa kwanza uzame milimita ngapi? Wa mwisho niubakizie kiasi gani?" Siwalaumu. Mashine mnazojifunzia siku hizi zina kioo na vitufe, na kitufe hakikubali jibu la "inategemea". Lakini mimi nimekereza chuma miaka thelathini na kitu, na kila namba niliyonayo niliipata baada ya kuharibu kitu. Leo nitawapa namba chache, na nitawaambia pia kilichoharibika.

Kwa yule ambaye hajawahi kusimama mbele ya lezi: ni mashine inayozungusha chuma, huku kisu kigumu kikitembea taratibu ubavuni mwake na kukimenya, kama mtu anayemenya chungwa linalozunguka lenyewe. Kila safari ya kisu kutoka mwanzo hadi mwisho tunaiita mkato. Unaanza na mikato minene ya kuondoa nyama, yaani chuma kilichozidi, unamaliza na mwembamba wa kulainisha. Ukiniuliza ufundi wote uko wapi, nitakwambia uko katika kujua mikato iwe mingapi, na kila mmoja ule kiasi gani.

Kazi nilijifunza Kanyenye, kwenye karakana ya Mzee Nassoro. Babu zake walikuja Tabora kutoka Omani na biashara zao, na ndugu zake walikuwa bado wanauza vitambaa na vyombo. Yeye peke yake ndiye aliyeangukia kwenye chuma. Alijua Kinyamwezi kuliko mimi niliyezaliwa kijijini, na akitaka kunigombeza alinigombeza kwa Kinyamwezi, ili maneno, alivyosema, yafike mpaka kwa mama yangu.

"Mihayo," aliniambia wiki ya kwanza, "kisu hakiuawi na kazi. Kinauawa na joto."

Akanionyesha mambo matatu. Ukitaka kuondoa chuma kingi unaweza kuzamisha kisu zaidi, au kukisogeza haraka zaidi, au kuzungusha chuma kwa kasi zaidi. "Vijana wote mnakimbilia hilo la tatu, kwa sababu lina mlio mzuri. Na ndilo linalomaliza kisu upesi kuliko yote. Anza na kuzamisha, kadiri mashine inavyobeba bila kutetemeka. Kisha ongeza mwendo wa kisu. Kasi ya kuzunguka iwe ya mwisho kuguswa."

Mita ya joto hatukuwa nayo. Tulitazama vinyuzi vya chuma vinavyoruka. Vikiwa vya rangi ya fedha, endelea. Vikianza kuwa rangi ya chai, kuwa macho. Vikiwa vya bluu, umeshakiua kisu, nenda kwenye jiwe ukanoe. Sheria hiyo niliishika kama amri ya kanisani, hata zilipokuja ncha za kabaidi, ngumu kuliko visu vyetu vya zamani, nikawa kichekesho. Kila nikiona bluu nilipunguza kasi, na uso wa chuma ukazidi kuchanika, nikailaumu kabaidi kwa miezi. Binti mmoja aliyetoka chuoni, umri wa mwanangu wa mwisho, akanisogelea kwa heshima zote: "Baba, hii ncha inapenda moto. Iongezee kasi." Nikaongeza. Uso ukatoka kama kioo. Nilimwambia asimwambie mtu. Akawaambia wote.

Na kabla sijasahau: msipime chuma kingali cha moto. Nilipokuwa mwanafunzi nilikereza shafti ya mashine ya kusaga, nikapima, ikawa sawasawa, nikajisifu, nikaenda kunywa chai. Niliporudi ilikuwa imepoa, imesinyaa, na beringi ikaingia ikicheza kama kiatu cha kuazima. Mzee Nassoro aliining'iniza ile shafti juu ya mlango wa karakana, na kila mteja aliyeuliza aliambiwa, "Hiyo ni saa ya Mihayo ya kunywa chai."

Makosa ya namna hiyo mnacheka, maisha yanaendelea. Nataka kuwasimulia lile ambalo sikulicheka.

Ilikuwa siku ya Ijumaa. Asubuhi alikuja karakana mwalimu wa kike wa shule moja ya msingi kule Ipuli, jina lake Kalunde. Homa ya utotoni ilimpoozesha miguu, akawa anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kupiga pedali kwa mikono. Ekseli ya nyuma ilikuwa imelika. Mzee Nassoro akaipima, akanichagulia kipande cha chuma kizuri, akaniambia, "Hii ni yako. Usikimbie." Kisha akavaa kanzu yake akaenda msikitini, na kutoka huko alikuwa aende kwenye msiba. Nilijua hatarudi mpaka kesho yake.

Na saa kumi jioni kulikuwa na mechi.

Sitaki kuwaficha. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, ninapenda mpira kuliko chakula. Ekseli yenyewe ilikuwa nyepesi: sehemu ya katikati nene, ncha mbili nyembamba kwa ajili ya magurudumu, na pale unene unapobadilika kuna bega. Nikapandisha kasi. Vinyuzi vikatoka bluu, nikaviona, nikatazama saa. Nikiwa ncha ya pili, mlio wa kisu ukabadilika, ukaacha kupiga mluzi ukaanza kukwaruza. Mtu yeyote aliyekaa karakana wiki mbili anajua maana yake. Kisu kimekufa. Dakika kumi kwenye jiwe zingetosha.

Sikwenda kwenye jiwe. Niliendelea na kisu hicho hicho, nikakata karibu yote, nikabakiza kiasi cha unywele kwa mkato wa mwisho, nikidhani mkato mwembamba sana ndio utakaolainisha. Hapa sikilizeni vizuri. Kisu kinataka kitu cha kuuma. Ukikiachia unywele, hasa kikiwa butu, hakikati, kinasugua. Kinaparura chuma, kinakichana. Uso ukatoka na mistari kama matuta ya karanga, na kwenye kona ya bega, mahali palipotakiwa mviringo laini, nikaacha pembe kali kama ya boksi, na mchubuko umeizunguka.

Nikachukua msasa na mafuta, nikasugua. Ikang'aa.

Mwalimu alirudi saa tisa. Nikamfungia ekseli, akaitazama, akapitisha kidole.

"Inang'aa, fundi."

"Inang'aa, mwalimu."

Nikakimbia uwanjani.

Zilipita wiki kadhaa. Asubuhi moja akaingia mama mtu mzima, ameshika kitu alichokifunga kwenye khanga. "Mwangaluka," alisema, tukaitikia. Akafungua khanga juu ya meza, na ndani kulikuwa na ekseli, vipande viwili. Imekatika begani.

"Mimi ni mama yake Kalunde," alisema. "Mwanangu alianguka jana karibu na reli, kwenye mteremko. Mkono wa kulia umevunjika. Sikuja kugombana. Mikono ndiyo miguu yake, ndiyo maana nimekuja kuuliza tu. Chuma huwa kinavunjika hivi hivi?"

Mdomo wangu ulitangulia akili. "Mama, chuma cha siku hizi si kama cha zamani..."

Mzee Nassoro akaninyooshea mkono ninyamaze. Alichukua kipande kimoja akakipeleka mlangoni kwenye mwanga. Alikitazama muda mrefu sana, kisha akaniita.

"Soma," aliniambia.

Niliona mahali palipokatika. Sehemu kubwa ilikuwa laini, yenye mistari ya mviringo midogo midogo, kama ile unayoiona kwenye kisiki cha mti uliokatwa. Sehemu ndogo ya mwisho ilikuwa ya chengachenga, kama sukari. Miviringo yote ilianzia mahali pamoja, kwenye kona, penye mchubuko wangu.

"Ufa ulianzia hapa," alisema taratibu. "Ukatembea kidogo kila siku. Kila alipokwenda shule, ukatembea. Kila aliporudi, ukatembea. Jana ndiyo ukafika." Kisha akamgeukia yule mama. "Hapana, mama. Chuma hakivunjiki hivi hivi."

Nilijua kwamba nikinyamaza, mzee hatanitaja. Atasema ni kosa la karakana, atalibeba yeye. Nilimtazama yule mama, kisha nikaitazama ile khanga iliyobaki wazi juu ya meza.

"Ni mimi, mama," nilisema. "Kisu kilikuwa butu nikaona uvivu kunoa. Nilikuwa na haraka."

Yule mama alikunja khanga yake polepole, pembe kwa pembe.

Mzee Nassoro ndiye aliyesema. "Ekseli nyingine tutatengeneza. Ila mkono hakuna lezi inayoukereza, huo unangojewa. Ana watoto darasani na shule iko mbali. Kwa hiyo, Mihayo, tutafunga ekseli kuukuu ili baiskeli isukumike, na mpaka mkono upone, ekseli yenyewe ni wewe. Asubuhi utampeleka, mchana utamrudisha. Kazi yako ya hapa utaifanya katikati."

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu nilikuwa mlangoni kwao, hapa hapa Chemchem. Kalunde alikuwa ameshakaa kwenye baiskeli, mkono umefungwa plasta, ile tunayoiita hogo, umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi usiku kucha. Nikaanza kuyasema.

"Nitachelewa," alinikatiza. "Sukuma."

Ndivyo alivyokuwa siku ya kwanza, na ya pili. Nilisukuma kutoka Chemchem mpaka Ipuli nikitazama kisogo chake. Mchanga wa njia zetu mnaujua. Gurudumu likizama unainama, unaweka bega, unasukuma kama ng'ombe wa jembe. Siku ya tatu nilisimama kupumua. Akageuza shingo, mara ya kwanza.

"Fundi, wewe ni Mnyamwezi?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Babu zako walibeba meno ya tembo kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu. Miezi. Wakarudi na mizigo mingine. Nimewafundisha watoto jana tu, njia ya misafara ilipita mji huu huu. Wewe kutoka Chemchem mpaka Ipuli unahema hivyo?"

"Babu zangu walibeba meno ya tembo, mwalimu. Meno ya tembo hayabishi."

Alicheka. Alicheka mpaka akashika ule mkono wa hogo kwa maumivu, na mimi nikaogopa nimemvunja tena. Kuanzia siku hiyo akaniita mpagazi.

Wiki iliyofuata akaniuliza kwa nini ekseli ilivunjika. Nilimwambia nilikuwa na haraka.

"Hiyo ni sababu yako," alisema. "Naiuliza sababu ya chuma."

Nikaeleza. Akasema hakuelewa. Nikaeleza tena. Akasema nimetumia maneno sita ambayo mtoto wa darasa la tano hayajui, na anavyoona yeye, mtu asiyeweza kumweleza mtoto wa darasa la tano jambo lake, bado hajalielewa. Nilinuna njia nzima. Lakini mchana, nikiwa mbele ya lezi, nilijikuta najieleza mwenyewe kwa sauti: kwa nini kona kali ni mbaya? Na nikaona kwamba kweli sijui. Nilikuwa nimekariri tu.

Nikamuuliza Mzee Nassoro. Akachukua karatasi, akaivuta kwa mikono pande mbili, ikagoma kuchanika. Akachukua nyingine, akaikata kidogo pembeni kwa kisu, akaivuta. Ikachanika yote kwa mara moja, kuanzia pale palipokatwa. "Nguvu inapita kwenye chuma kama maji mtoni," alisema. "Mto ukipinda taratibu, kingo zinabaki. Ukipinda ghafla, maji yanakula kona. Mchubuko ni mahali maji yameshaanza kula."

Niliipeleka karatasi hiyo kwa mwalimu asubuhi yake kama mwanafunzi anayepeleka daftari. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Vizuri. Sasa utaingia darasani uwaeleze wao."

Nilikataa. Hakujali. Nilipomfikisha, watoto walikuwa wameshasimama, "Shikamoo, mwaliimu! Shikamoo, fuundi!" Nikaingia na ovaroli langu. Nikawaeleza habari ya kisu butu, nikawaonyesha vipande viwili vya ekseli, vikapita mkono kwa mkono, dawati kwa dawati. Nikawapa karatasi wachane. Walielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi.

Kisha mtoto mmoja wa kike, mwembamba, akanyoosha kidole. "Fundi, nani aliyeitengeneza hii?"

Nilimtazama Kalunde. Alikuwa anatazama dirishani.

"Mimi," nilisema.

"Kwa nini hukuinoa ile kisu?"

"Kile kisu," mwalimu alisahihisha, bado anatazama dirishani.

"Nilitaka kuwahi mpira."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Mvulana mmoja nyuma kabisa hakucheka. Alitaka kujua jambo moja tu. "Timu yako ilishinda?"

"Ilifungwa," nilisema. "Mabao mawili."

"Pole," alisema yule mtoto, kwa dhati kabisa.

Nimeshaomba radhi mara nyingi maishani, vijana wangu, lakini sijawahi kusamehewa na watu wengi hivyo kwa pamoja.

Wiki ya tano Kalunde alisema anataka kuona ekseli mpya ikitengenezwa. Nikamsukuma mpaka Kanyenye. Mzee Nassoro akamwekea kivuli na chai, akanikabidhi chuma, akavuta kigoda akakaa mbali na mashine. Alikuwa ananipa nafasi ya kuharibu tena.

Ninawatajia mikato ile kama nilivyoipiga, maana ndiyo jibu la namba mnazoniuliza. Kabla ya kuwasha, nilinoa visu viwili. Kimoja cha mikato ya kwanza, chenye ncha imara. Cha pili cha kumalizia, nikakizungusha ncha kwenye jiwe ili kwenye kona ya bega kiache mviringo, na nikakipitisha kwenye jiwe laini la mafuta mpaka ukucha wangu ukakatika kwa kuguswa tu.

Mikato ya kwanza niliizamisha milimita mbili kwa upande, kasi ya wastani, maji ya mafuta ya kupoza, yale meupe kama maziwa, yakimwagika muda wote. Vinyuzi vikatoka vya fedha. Ningeweza kufanya mikato mingi ya nusu nusu, inaonekana ya upole. Si upole. Kisu kinasafiri mara nne mahali pa mara moja, kinachakaa bure.

"Mbona unakata sana?" Kalunde aliuliza kwa sauti ya kushinda mashine.

"Sasa ndiyo wakati wa kukata sana, mwalimu. Nyama ingali nyingi, hata likitokea kosa halifiki ndani."

Ilipobaki milimita moja ya unene, nikazima mashine.

"Umemaliza?"

"Bado. Kimepata moto. Kikiwa cha moto kinadanganya kipimo."

Tukangoja. Tukanywa chai, sisi watatu. Kalunde alitazama ile shafti inayoning'inia juu ya mlango, akauliza ni ya nini, na Mzee Nassoro akamsimulia yote, bila kuacha hata sukari niliyotia kwenye chai ile.

Chuma kilipopoa nikapima. Nikabadilisha kisu. Milimita moja iliyobaki nikaigawa mara mbili sawasawa. Hili wengi hawafundishwi. Chuma chembamba kinaposukumwa na kisu kinapinda kidogo, hukioni kwa macho. Ukikata mkato mnene kisha ukapima kisha ukakata mwembamba, kinapinda tofauti, na kipimo kinakukimbia. Kwa hiyo mkato wa kabla ya mwisho na wa mwisho iwe mapacha, kina kimoja, mwendo mmoja wa kisu. Wa kwanza unakuonyesha mashine yako inadanganya kiasi gani. Wa pili unarekebisha. Na robo milimita kwa kila upande inatosha kisu kuuma, hakisugui.

Nikapiga pacha wa kwanza. Nikangoja, nikapima. Ilikuwa imebaki na unene wa nywele mbili zaidi ya nilivyotarajia, nikaongeza hizo mbili. Nikapiga wa mwisho, mwendo wa kisu ule ule mdogo kabisa, kasi ile ile, juu kidogo kwa kuwa kisu kilikuwa kimenolewa upya. Mlio ukawa mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho, mwembamba. Kisu kilipofika begani nikakiacha hapo chuma kizunguke kidogo, kisha nikakitoa. Nikaigeuza, ncha ya pili nikaifanya hivyo hivyo.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye msasa. Nikauacha.

Nikampa Kalunde ekseli. Hakusema inang'aa. Alifumba macho, akapitisha ukucha wa mkono wa kushoto kutoka katikati mpaka begani, akashuka kwenye ule mviringo, akafika ncha. Akarudia. Ukucha haukukwama mahali popote.

"Mto umepinda taratibu," alisema.

Mzee Nassoro alikuja akaitazama kwenye mwanga, akanirudishia, akasema kwa Kinyamwezi kwamba chai imepoa. Kwake hiyo ilikuwa sifa, na kubwa. Ekseli ile ilikuja kudumu kuliko baiskeli yenyewe.

Hogo lilitolewa. Mkono ulikuwa umekonda, ngozi imepauka, kama mkono wa mtu mwingine. Daktari akasema angoje wiki mbili kabla ya kupiga pedali, na akangoja, nami nikaendelea kusukuma. Tulikuwa tumeshazoea kuondoka mapema kuliko ilivyohitajika. Hakuna aliyelisema hilo.

Jumamosi ya mwisho nikaenda kwao kufunga ekseli mpya. Nilikaza nati, nikainua magurudumu, nikayazungusha, yakazunguka muda mrefu bila sauti. Kalunde akajivuta mwenyewe mpaka kitini. Akashika pedali, akatoka uani. Nikakimbia nyuma yake hatua kumi hivi.

"Acha kukimbia!" alisema bila kugeuka.

Nikaacha. Akashika njia ya kwenda Kwihara, akapungua, akapotea.

Nilirudi nikakaa na mama yake, tukawa tunabangua karanga. Saa ikapita. Nikainuka kutazama njia, nikakaa. Nikainuka tena.

"Mwache," mama alisema. "Wiki nane hajawahi kwenda mahali peke yake."

Nikaona aibu, nikaendelea na karanga.

Alirudi jua limeshapinda, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, khanga ya kichwani imelegea, anahema kwa furaha. Akasimamisha baiskeli mbele yangu.

"Haina mlio," alisema.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo." Akajifuta uso kwa ule mkono uliopona. "Mihayo."

Hakuwahi kuniita kwa jina. Nilikuwa fundi, nikawa mpagazi.

"Naam, mwalimu."

"Jumatatu usije kunisukuma."

Nilijua siku hiyo itafika. Niliitengeneza mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa kisu kilichonolewa vizuri. Lakini nilihisi kama mtu aliyevua mzigo na kukuta mabega yanaulilia.

"Sawa, mwalimu," nilisema. Nikakusanya spana zangu, nikamuaga mama yake, nikatembea mpaka kwenye minyaa ya uzio.

"Mihayo!"

Nikageuka. Alikuwa amenigeuzia kisogo, anajifanya anakagua gurudumu.

"Nimesema usije kunisukuma," alisema. "Sikusema usije."